Sauti Chini ya Draya

Sifa zilifika nyumbani kwa Fundi Jumamosi asubuhi, saa ambayo hakuna mtu anayekaa kusubiri sifa. Mama yake alikuwa akimenya vitunguu kwa kisu butu, mkewe alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya kabati, na binti yao, aliyekatazwa kushika simu kabla ya kufua soksi za shule, alikuwa ameishika.

"Baba! Umeandikwa!"

"Shsh," alisema mkewe, kwa mazoea tu. Katika nyumba ile neno hilo lilitamkwa mara nyingi kuliko "karibu".

Fundi alitoka sebuleni, ila sebule si jina lake tena. Mwaka mzima ilikuwa studio. Dirishani palikuwa na godoro, ukutani palitundikwa zulia, na familia ilikuwa ikila jikoni, magoti yakigusana. Kazi ya Fundi inayojulikana ni spika. Anazitengeneza, na kukiwa na harusi au mkutano anazikodisha. Lakini kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa nyingine. Alitengeneza muziki usio na ngoma wala wimbo, sauti moja tu inayovuma na kuvuma, hadi msikilizaji asahau aliketi kufanya nini. Albamu yake ilikuwa na vipande vinne, na aliiita Nyumba Isiyo na Mtu.

"Soma," alisema.

Binti akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. "'Kwa muda mrefu tumesubiri msanii atakayethubutu kutotufurahisha.'"

"Hapo kasema kweli," alisema Bibi.

"Mama, tafadhali."

"'Katika albamu hii hakuna mdundo, hakuna kiitikio, hakuna binadamu. Kuna mvumo. Lakini anayevaa hedifoni nzuri na kutulia atasikia jambo katika kipande cha tatu. Chini kabisa ya mvumo, sauti ya mzee inasema, mara moja tu: Sitaki kurudi nyumbani. Ni nafsi inayoukataa mwili wake. Sijasikia dakika nzuri kama hiyo mwaka huu.'"

Fundi alicheka. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hata kosa lilimpendeza. "Mzee gani? Mle hamna mtu. Ni draya za saluni ya mke wangu, basi. Lakini mwache aseme, wahakiki ndivyo walivyo."

Akamgeukia mkewe ili wafurahi pamoja. Mkewe, Msusi, alikuwa ameshapata kiatu. Alikishika mkononi bila kukivaa. Sentensi ile aliijua, kama mtu anavyoijua nguo yake mwenyewe akiiona imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

"Hongera, baba," alisema. Akavaa kiatu, akatoka kwenda saluni bila kunywa chai.

Njia nzima aliyakumbuka mambo, vizuri mno. Fundi aliomba kurekodi draya zake sita, zile kofia kubwa za kukaushia nywele, akaahidi kufanya hivyo wateja wakishaondoka. Aliweka kinasa sauti juu ya kabati, akakiacha kikirekodi, na kwa kuwa ana spika za watu mia za kushughulikia, akakisahau hapo wiki nzima. Na wiki hiyohiyo, jioni moja mlango umeshafungwa, Msusi na rafiki yake Muuguzi walikaa chini ya draya mbili wakasemezana. Kila mwenye saluni anajua jambo hili: mtu akiwa chini ya draya hajisikii, kwa hiyo hupiga kelele akidhani ananong'ona. Msusi amewacheka wateja kwa kosa hilo miaka yote. Jioni ile akalifanya yeye.

Fundi alipozipunguza kasi sauti zote kwa nusu, mkewe akawa mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa salama yake. Kama mumewe angejua ni yeye aliyesema hataki kurudi nyumbani, angemuuliza kwa nini, na Msusi hakuwa na jibu dogo. Aliogopa kwamba likitoka lote, kisingebaki cha kuitwa ndoa.

*

Ilipofika Jumatano mtaa mzima ulikuwa umesikia. Watu ambao katika maisha yao hawajawahi kusikiliza kitu kisichochezeka walivaa hedifoni na kukunja uso. Si kwa ajili ya sanaa. Ilishajulikana kwamba ule mvumo ni saluni, na kama saluni imesema sentensi moja, basi inajua nyingi.

Ukutani kwa Msusi kulikuwa na maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake: *Yanayosemwa chini ya draya hukaukia hapohapo.* Wateja waliyapenda. Sasa waliyasoma kwa jicho la pembeni. Mmoja alikuja, akaoshwa nywele, na alipooneshwa draya akainua macho juu ya kabati.

"Mimi nitakaukia juani," alisema.

"Jua lenyewe liko wapi, mama? Mawingu haya."

"Nitalisubiri."

Akaenda kukaa nje kwenye ngazi, taulo kichwani, maji yakimtiririka mgongoni, na kila aliyepita barabarani akajua kwamba kwa Msusi watu hawaamini tena kukaa ndani. Mwingine alituma ujumbe kwamba amepata mafua. Mwingine hakutuma chochote.

Mama Pacha aliingia mchana bila salamu. Alikuwa mteja tangu draya zikiwa mbili, na pacha wake walijifunza kutambaa kwenye sakafu ile.

"Nataka kujua ni nani," alisema.

"Ni nani nini?"

"Asiyetaka kurudi nyumbani! Mume wangu hajanisemesha tangu Jumatatu. Siku hiyo alisema sauti unaweza kuibadilisha, lakini maneno ni yangu. Nikapika, akala. Nikamuuliza chumvi imekolea, akanitazama tu." Akakaa, begi magotini. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Niambie ukweli, Msusi. Ni mimi?"

"Si wewe."

"Una hakika gani? Nimejaribu kukumbuka usiku na mchana. Sikumbuki kusema. Lakini sikumbuki pia kutosema."

Wanawake wawili waliokuwa wakisukwa waliwageukia. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema polepole kwamba na yeye alijiuliza hivyohivyo, na kwamba alisikiliza kipande kile mara mbili bafuni, akiomba isiwe yeye. Wa pili alianza kuuma kucha.

Msusi alishika kitana akakitazama. Neno moja lingetosha kumrudisha mwenzake nyumbani kwa amani. "Si wewe," alirudia, "naapa," na Mama Pacha akaondoka akiwa hajaamini, kwa sababu kiapo bila jina ni sawa na mfuko usio na kitu ndani.

Muuguzi alikuwa amekuja wakati wa mapumziko ya zamu yake. Alisubiri wengine watoke.

"Kwa hiyo utamwacha mwenzio aadhibiwe kwa maneno yako?"

"Sijui nifanye nini."

"Mwambie mumeo. Ni sentensi moja."

"Nimwambie saa ngapi? Pale kwetu hapasemwi. Akirekodi tunanyamaza. Akichanganya tunanyamaza. Akimaliza amechoka, tunanyamaza ili apumzike. Juzi binti amepiga chafya akakimbilia chooni kuimalizia huko. Chafya, dada!"

"Sasa huoni kwamba hiyo ndiyo ya kumwambia?"

*

Nyumbani mambo yalikuwa yamechacha. Mhakiki wa pili alikuwa ameandika, na huyu hakuona nafsi wala mwili. Aliandika kwamba kwao aliwahi kupanga chumba karibu na mashine ya kusaga nafaka, na kwamba tofauti ya mashine ile na albamu hii ni kwamba mashine ilitoa unga.

Fundi alisoma akasimama, akasoma akakaa. Hakula. Alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, akagusa spika, akarudi. Sifa za Jumamosi zilikuwa zimemfanya mtu, na sasa mtu huyo alikuwa akivuliwa nguo mbele ya umma.

"Unga!" alisema. "Mtu wa kalamu anaongea habari za unga!"

"Kula kwanza," alisema mama yake. "Huyo aliyekutukana ameshakula."

"Kesho wamenialika redioni. Kipindi cha mchana. Na yule mhakiki wa kwanza atakuwepo. Nitaeleza kazi yangu, wanielewe."

Msusi aliweka sufuria chini. Alikuwa amejipanga tangu kwenye kona ya duka la viatu, ng'ambo ya saluni. "Baba, nina ombi. Kipande cha tatu. Kitoe."

"Kitoe wapi?"

"Kiondoe. Wateja wananikimbia. Leo nimesuka watu wawili, na mmoja ni kwa kuwa ana safari. Mama Pacha ananyimwa salamu na mumewe."

"Kwa sababu ya sauti isiyokuwepo?"

"Na kama ipo?"

Fundi alimtazama kwa upole, upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Mke wangu. Kipande kile nimelala nacho, nimeamka nacho. Nakijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Kuna ule mngurumo wa katikati, ule nauita ukuta, nimejenga kila kitu juu yake. Kungekuwa na mtu mle ningemsikia. Kusikia ndiyo kazi yangu."

Hapo Msusi alifungua mdomo. Alikuwa tayari, na Bibi aliliona hilo, akaacha kutafuna. Lakini mkono wa Msusi ukagonga mfuniko wa sufuria, mfuniko ukaanguka sakafuni na kuzunguka kwa kelele ndefu.

"Shsh!" alisema Fundi, kidole mdomoni. Hakukuwa na chochote kinachorekodiwa. Kilikuwa kidole tu, kimezoea.

Msusi akafunga mdomo. Aliinama, akaokota mfuniko, akaushika kwa mikono miwili hadi ukanyamaza. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu anayehudumia wateja.

"Kesho uvae shati la bluu," alisema.

Fundi alirudi sebuleni kupanga maneno yake. Bibi alimgeukia mkwewe.

"Huyu nilipomzaa hakulia," alisema. "Walimpiga makofi mawili. Wakati ule nilishukuru kupata mtoto mtulivu. Mwenyezi Mungu anisamehe ujinga wangu, na godoro langu analo dirishani."

*

Siku ya redio, saluni ilijaa, japo hakuna aliyekuja kusukwa. Walikuja kusikiliza wakiwa pamoja, kwa sababu kila mmoja aliogopa kusikiliza peke yake. Mama Pacha alikaa karibu na mlango. Muuguzi alisimama nyuma ya Msusi. Draya sita zilizimwa.

Mhakiki alikuwa na sauti laini, ya mtu aliyelelewa karibu na vitabu. Alisema albamu hii inatufundisha kusikia kutokuwepo. Alisema msanii ameiondoa familia, ameuondoa mtaa, ameondoa hata nafsi yake, na kilichobaki ni nyumba yenyewe ikipumua. Fundi, ndani ya shati la bluu, alisema, "Ndiyo, ndiyo hasa," na kwa mara ya kwanza tangu habari za unga mabega yake yalishuka.

"Na yule mzee?" aliuliza mtangazaji. "Wasikilizaji wametuma maswali, wote wanataka kumjua mzee."

"Hakuna mzee," alisema Fundi. "Mimi naheshimu alivyosikia ndugu yangu hapa, lakini hayo ni masikio yake."

"Basi tuamue leo," alisema mtangazaji. Alikuwa mtu mchangamfu asiyeweza kuacha kitu mahali pake. "Umesema ulipunguza kasi kwa nusu. Fundi mitambo wetu anaweza kuirudisha. Tucheze kipande hicho kwa kasi yake ya kawaida, tusikie kuna nini."

Fundi hakuona sababu ya kukataa. Mtu anayejua kwamba chumba ni kitupu hakatai kufunguliwa mlango.

Mvumo ulianza, sasa mwembamba na wa haraka, na wanawake wote saluni wakautambua: draya, si kitu kingine. Halafu juu ya mvumo ule, kwa sauti ya mtu anayepaza akidhani ananong'ona, mwanamke akasema:

"Sitaki kurudi nyumbani, dada! Nikifika kule napumua kwa ruhusa!"

Na baada ya hapo kikaja kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, kisichojali nani yuko chumba cha pili.

"Si mimi!" Mama Pacha aliruka kutoka kwenye kiti. "Jamani, si mimi!" Kisha akageuka, akamwona Msusi, na furaha yake ikaona haya. Akakaa tena polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokonywa kitu ambacho hakujua alikuwa akikitaka. Wengine hawakutazamana. Msusi alikuwa amesimama, kitana mkononi, mbele ya vioo vyake vyote, na katika kila kioo alikuwa yeye.

Redioni hapakuwa na sauti.

Fundi alikuwa ameshika kingo za meza. Maneno hayakumfikia haraka. Kilichomfikia kwanza ni kicheko. Mngurumo ule wa katikati. Ukuta. Kitu ambacho kwa miezi alikizungusha, akakinyoosha, akakisifia kwa uzito na upweke wake, kilikuwa mkewe akicheka. Na alipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko hicho nyumbani, hakupata kitu.

"Mnasikia?" alisema Mhakiki kwa heshima. "Hata kunyamaza kwake ni kazi ya sanaa."

"Nyamaza wewe," alisema Fundi.

Mtangazaji alikohoa. "Unaijua sauti hiyo?"

Angeweza kusema hapana. Mhakiki alikuwa amempa mzee mzuri, nafsi nzuri, na kulikuwa na watu tayari kuviamini. Fundi alilamba midomo.

"Naijua," alisema. "Anasuka nywele mtaani kwetu. Ana draya sita, nimezirekodi zote sita. Sikumwomba ruhusa ya kumrekodi yeye, wala wateja wake. Nawaomba radhi wote."

"Na alikuwa akizungumzia nini hapo?"

"Sijui," alisema Fundi. "Nilikuwa nasikiliza draya."

*

Fundi alipofika saluni wateja walikuwa wameshaondoka. Mama Pacha alikuwa wa mwisho; kabla ya kutoka alimkumbatia Msusi kwa nguvu na kumwambia Jumamosi atakuja kusukwa, na kwamba akae tayari, maana na yeye ana ya kusema. Msusi alikuwa akifuta vioo. Alimwona mumewe ndani ya kioo, mlangoni, shati la bluu limelowa kwapani.

"Umesikiliza?" aliuliza Fundi.

"Mtaa mzima umesikiliza."

"Nimekuaibisha."

"Umeniaibisha." Hakugeuka. "Keti."

Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kiti hicho kilikuwa cha draya ya ukutani. Msusi alikuja, akaishusha ile kofia kubwa hadi ikamfunika masikio, akaiwasha. Kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akaanza kuzungumza.

Fundi aliona midomo ikienda. Upepo wa moto ulimpiga shingoni na mvumo ukajaa kichwa kizima. "Sikusikii!" alisema, bila kujua kwamba alipiga kelele hadi muuza viatu wa ng'ambo akachungulia. Msusi hakuacha. Alionesha kwa mkono upande wa nyumbani. Alihesabu mambo kwenye vidole, akamaliza vya mkono mmoja akaenda wa pili. Alifuta macho kwa kiwiko, akaendelea. Fundi alijaribu kusoma midomo, akapata "binti", akapata "mama yako", mengine yakampita. Mvumo ulikuwa uleule, kipande cha kwanza cha albamu yake, na hakusikia uzuri wowote ndani yake. Alisikia kwamba unamzuia.

Akapapasa kutafuta swichi. Mtu aliyerekodi draya sita hakujua zinazimwa wapi. Kitufe cha kwanza kikaongeza moto, akaruka kidogo, cha pili kikazima. Akajichomoa, nywele zimesimama.

"Rudia," alisema.

"Nimeshasema."

"Najua. Rudia, mama. Tangu mwanzo."

"Ni mengi."

"Sawa."

"Na sinong'oni."

"Usinong'one."

Msusi aliinua macho juu ya kabati, kama wateja wake. Fundi alielewa. Alipanda juu ya kiti, akapitisha mkono juu ya kabati lote, toka pembe hadi pembe, akashuka na kumwonesha kiganja. Kilikuwa na vumbi tu. Msusi alikiangalia kiganja kile, akakiangalia tena, akitafuta kitu.

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, na akaanza na lile godoro la dirishani.